Samaki wawili kwenye mlango wa msikiti

Msikiti wetu uko katika mji mdogo wa Busoga, mashariki mwa Uganda, karibu na ile reli iliyoanza kazi mwaka 1912 kutoka Jinja kwenda Namasagali. Wazee wa mtaa walikuja na reli, wengine na jeshi, wengine na biashara ya nguo, na Kiswahili chao ndicho tunachozungumza hadi leo. Mlango mkuu ulichongwa na fundi wa pwani ambaye jina lake halikumbukwi tena. Ni wa mti wa mvule, una pande mbili na mfaa, yaani mti wa wima unaoziba mwanya, katikati, nakshi za minyororo na mawaridi, na chini kabisa samaki wawili wanaotazamana.

Samaki hao ndio waliotuletea fitina.

Wafadhili walikuwa wamekubali kutujengea msikiti mpya wa ghorofa. Kabla hata mchanga haujamwagwa, vijana wa darsa moja walianza kusema kwamba samaki ni kiumbe chenye roho, na malaika hawaingii nyumba yenye picha. Alfajiri moja tukakuta jicho la samaki wa kulia limechokolewa kwa patasi, unga wa mbao ungali kizingitini. Magamba hayakuguswa, mkia haukuguswa. Aliyefanya hivyo hakuwa mlevi wala mwizi. Alikuwa mtu aliyesoma, maana wapo wanavyuoni wanaosema sura ikiondolewa kichwa hukumu yake hubadilika, naye alikuwa ameanzia kichwani.

Kamati ikagawanyika. Baadhi walitaka polisi. Mwenye kandarasi, kwa upande wake, alikwishaupigia mlango hesabu ya mbao za kumwagia zege. Mimi ni katibu, na niliomba kitu kimoja tu: mlango usiguswe mpaka nimalize kuuandika.

Wazo hilo nililitoa Kasubi, kwenye makaburi ya wafalme wa Buganda kule Kampala. Tarehe 16 Machi 2010 moto uliteketeza Muzibu Azaala Mpanga, nyumba kubwa ya nyasi walimozikwa makabaka wanne wa Buganda. Nyumba imejengwa upya, na mwaka 2023 UNESCO ikaiondoa Kasubi katika orodha ya urithi ulio hatarini. Iliwezekana kwa sababu vipimo na picha vilikuwepo, na kwa sababu watu wa ukoo wa Ngeye bado wanajua kuezeka kama babu zao. Vitu vilivyoungua ndani havikurudi. Kwa hiyo nilijua kubishana kungeweza kungoja, kuandika kusingeweza.

Kuna utaratibu wa kimataifa wa kuorodhesha vitu vya thamani ili vikiibwa au vikivunjwa vitambulike. Hauhitaji mtaalamu. Unapiga picha kitu chote, kisha sehemu zake, rula ikiwa pembeni. Unaandika kimetengenezwa kwa nini, urefu na upana, maandishi yaliyopo, na hasa kasoro zake, kwa sababu nakshi za mawaridi ziko milango mingi ila ufa wenye umbo lile uko mmoja. Hata lile tundu la patasi nililipima.

Maandishi ndiyo yaliyonishughulisha zaidi. Mlango ulikuwa umepakwa rangi ya mafuta ya kijani mara nyingi hivi kwamba boriti ya juu ilionekana laini kabisa. Usiku nikazima taa, nikailaza tochi ya simu ubavuni mwa mbao ili mwanga upite kwa mshazari. Vivuli vikajitokeza, na ndani ya vivuli herufi za Kiarabu. Nikapiga picha, nikampelekea maalim aliyenisomesha juzuu za kwanza. Alizisoma polepole, kidole kikifuata kioo cha simu: wakfu kwa ajili ya Mwenyezi Mungu, hauuzwi, hautolewi zawadi, haurithiwi.

“Mwanangu,” akasema, “hili si la kupigia kura tena.”

Maneno hayo hukutwa kwenye misahafu ya zamani na kwenye hati za ardhi, na msingi wake ni hadithi ya Seyyidna Umar na shamba lake la Khaybar. Kila mwanafunzi wa darsa anaijua. Kitu cha wakfu hakigeuzwi mbao za zege kwa sababu mfadhili ana haraka.

Kabla ya hapo nilijaribu njia nyingine. Baada ya Isha niliwasimulia vijana habari za Timbuktu, nchini Mali: mwaka 2012 wapiganaji wenye silaha waliyabomoa makaburi ya mawalii, mlango wa msikiti wa Sidi Yahya ukavunjwa, na mwaka 2016 Ahmad al-Mahdi, mwalimu wa Kiislamu, akahukumiwa kwa ubomoaji huo miaka 9 na Mahakama ya Kimataifa ya Jinai baada ya kukiri na kuomba msamaha. Mmoja wao akanijibu kwa adabu: “Katibu, wale walikuja na bunduki. Sisi tunauliza swali la dini, tujibiwe kwa dini.” Alikuwa na haki. Yale maandishi ya wakfu mlangoni ndiyo yaliyomjibu. Nakala ya orodha nimeipeleka Jumba la Makumbusho kule Kitante, Kampala, na nchi inayo sheria ya 2023 kuhusu makumbusho na vitu vya kale, lakini ofisa wa Kampala hatalala mlangoni petu.

Suala la samaki lilibaki. Sheikh akasema ni jambo lenye khilafu, wanavyuoni hawakubaliani juu yake, na hakuna mwenye ruhusa ya kushika patasi kwa ajili yake. Tukakubaliana mlango uhamie kwenye maktaba ya madrasa, ndani ya ardhi ileile ya wakfu, na samaki wafunikwe kwa ubao mwembamba. Skrubu za ubao huo zimeingia kwenye fremu mpya, hakuna hata moja iliyotoboa mvule. Baadhi ya wazee walikasirika, wakaona tumesalimu amri. Niliwatajia Aya Sofya ya Istanbul, kanisa la kale lililogeuzwa msikiti: picha zake nyingi za ukutani zimetufikia kwa sababu zilipakwa chokaa badala ya kubanduliwa, na tangu 2020 nyingine hufunikwa kwa pazia. Kinachofunikwa kinaweza kufunuliwa na wajukuu wenye rai nyingine.

Mafundi walinichosha kuliko mashekhe. Mmoja alitaka kuondoa rangi kwa grainda, mwingine kupaka oili chafu dhidi ya mchwa. Grainda ingemaliza herufi, na oili ingetia weusi usiotoka. Rangi ya kijani tumeiacha, mlango tumeuinua juu ya jiwe usigusane na udongo, na jicho hatukuliziba.

Sasa wafadhili wameziona picha, wakaomba mlango wa msikiti mpya uchongwe kwa nakshi zilezile. Kamati imekutana, ikakubali minyororo na mawaridi bila mjadala. Kuhusu samaki, kikao kimeahirishwa.