Kiatu kilicholowa kiweke mbali na jiko

Viatu vya ngozi vinavyopasuka huku kwetu magharibi mwa Kenya, mara nyingi mvua husingiziwa tu. Kosa ni la jiko. Kiatu kilicholowa kikianikwa karibu na makaa, ngozi hujikunja na kukakamaa, kisha hupasuka palepale vidole vinapokunjikia. Joto hilohilo hulegeza gundi ya soli.

Toa kamba na soli ya ndani. Tope jeusi la nyanda za Kano, karibu na Kisumu, hunata kama saruji, kwa hiyo likwangue kwa kijiti lingali bichi, halafu futa kwa kitambaa chenye maji. Jaza gazeti hadi kwenye ncha. Baada ya saa 2 litakuwa limelowa chepechepe, weka jingine. Laza kiatu ubavu ili soli nayo ipate hewa, kivulini, siku 2 hivi. Jua la mchana la Kisumu nalo usiliamini sana.

Kiwi ni baada ya kukauka kabisa, la sivyo unafungia unyevu ndani na ukungu unaota. Paka kidogo, ngoja dakika 10, piga brashi. Ile rangi ya maji ya chupa inang'arisha haraka, lakini mimi siipendi: huacha utando unaobanduka.

Soli ikianza kufungua mdomo, usikimbilie supaglu. Ikikauka inakuwa ngumu kama kioo, na kiatu kikikunjwa inakatika. Fundi akwangue gundi ya zamani, apige msasa pande zote mbili, apake gundi nyembamba kotekote na asubiri dakika 10 hadi 15, mpaka isinate kidoleni. Hapo ndipo agandamize na kugonga nyundo. Wengi hubana gundi ikiwa mbichi kwa sababu mteja amesimama pale kwa mguu mmoja! Akishona, uzi uzame ndani ya mfereji aliochonga kwenye soli. Ukibaki nje, lami inaula.

Na buti za mitumba pale soko la Kibuye, Kisumu, zile zenye soli nyepesi kama sifongo: zinaweza kuonekana mpya kumbe zimekaa miaka stoo, na unyevu umeila soli polepole bila kuvaliwa. Kunja kiatu, bonyeza soli kwa ukucha. Ukiona nyufa au unga, rudisha. Hapo gundi haina pa kushika, ni kubadilisha soli nzima.