Ufa uliojificha kwenye chesi: nilivyolitengeneza Land Cruiser langu Malindi

Gari langu lilipoanza kuinama upande mmoja, kila niliyemwuliza alinipa jibu moja: badilisha shokomzoba. Nalisema mapema kwa sababu linaniudhi mpaka leo. Shokomzoba haibebi gari. Kazi yake ni kuituliza springi, ikishapanda na kushuka isiendelee kurukaruka. Uzito wote umekaa juu ya springi. Gari likiinama upande mmoja limesimama, tena tupu, shokomzoba inasingiziwa bure.

Langu ni Land Cruiser pikapu, zile za modeli ya 75 zenye injini ya dizeli ya 1HZ, springi za majani (mabapa ya chuma yaliyopangwa moja juu ya jingine) mbele na nyuma. Napeleka wageni kwenye korongo la Nyari kule Marafa, msimu wa maembe nabeba maembe ya Magarini, na nikipata kazi ya Tsavo Mashariki nashika njia ya Kakoneni na Lango Baya hadi lango la Sala, zaidi ya kilomita 100 kutoka mjini. Lami ikikoma, matuta madogomadogo yaliyojipanga barabarani huitikisa kila nati. Ukirudi, gari linalala ufuoni linapigwa na upepo wa chumvi. Chuma kikipata mahali pa kuchoka, kutu haikipi nafasi ya kupumzika.

Dalili zilikuwa wazi. Upande wa kushoto nyuma ulishuka, usukani ukawa unavuta, na nikitoka rivasi kuingia gia ya kwanza nasikia "ko!" chini ya kitanda cha mizigo. Pale gereji wakanifungia shokomzoba mpya, nikalipa elfu kadhaa zilizoniuma. Gari likatoka limeinama vilevile, na "ko" yake mdomoni.

Hapo nikachukua tepu mwenyewe. Nililiegesha kwenye sakafu ya saruji, maana mchangani vipimo vinadanganya, nikahakikisha upepo wa tairi uko sawa pande zote. Nikapima kutoka habu, yaani kitovu cha gurudumu, hadi ukingo wa madigadi: kushoto pungufu kwa upana wa vidole vitatu. Kisha nikapima kutoka habu ya mbele hadi habu ya nyuma, kulia na kushoto. Kipimo hiki mafundi wengi hawakijui, nacho kina siri kubwa. Pande mbili zikitofautiana, ekseli imehama mahali pake: ama bolti ya katikati ya springi imekatika, ama jani kuu, lile la juu linaloshika springi kwenye gari, limevunjika. Yangu ilikuwa sawa. Basi jani kuu zima, ubaya uko chini yake au kwenye vishikio vinavyoishika springi kwenye chesi, yaani fremu ya gari.

Tulipofungua springi, jani la pili lilikuwa limekatika sawasawa penye tundu la bolti ya katikati. Hapo ndipo hukatikia, kwa sababu tundu limelipunguza nguvu, na yubolti (bolti za umbo la U zinazobana springi kwenye ekseli) zikilegea, jani huanza kupindika papo hapo badala ya kubanwa. Utazame mkato wenyewe. Sehemu nyeusi yenye kutu ndiyo ufa wa zamani, sehemu inayong'aa ndiyo iliyokatika mwisho. Kwangu nyeusi ilizidi nusu, kwa hiyo gari lilikuwa linatembea na ufa muda mrefu.

Fundi akasema atalichomelea. Nilimpinga. Akanijibu kuwa hiyo ndiyo kazi yake tangu ujana na matatu zote za mji zinatembea hivyo, na kabla sijamaliza kubisha cheche zilikuwa zinaruka. Kazi ilionekana nzuri, imepigwa grainda ikalainika kama jiwe la kusagia. Safari ya kwanza na mzigo, Kakoneni hatukufika. Mlio ule ule, gari likaketi upande mmoja, nikashuka na jeki.

Jani lilikatika kando ya kiungo, si penye kiungo chenyewe. Na lilikatika bila kupinda hata kidogo, uso wake chengachenga. Hilo lina sababu. Chuma cha springi kina kaboni nyingi, karibu asilimia 0.6, na kiwandani kimetiwa moto, kikazamishwa kwenye mafuta, kikapashwa tena polepole ili kiwe kigumu lakini kinyumbuke. Moto wa kuchomelea unaivuruga kazi yote ile. Chuma kilicho kando ya kiungo kinapata moto mkali halafu kinapoa ghafla, kinakuwa kigumu kisichonyumbuka. Jani la springi halichomelewi. Aliyekwambia linachomelewa mwambie alifunge kwenye gari lake.

Kurudi mjini nilitumia kipande cha mbao ngumu ya mbambakofi ninachobeba nyuma ya kiti. Nikainua chesi kwa jeki, nikakipachika kati ya ekseli na chesi, nikafunga mnyororo, nikaja taratibu kwa gia ndogo. Jani kuu likiwa zima hilo linafanyika. Likiwa limekatika usijaribu, ekseli itakuhama njiani.

Jani jipya liliagizwa Mombasa, likaja na basi. Gari likanyooka. Mlio haukuondoka.

Sasa hapa ndipo nilipojivunia. Nilikwenda kwa mzee mmoja mchomeleaji, mtu wa asili ya Lamu, nikamweleza. Akauliza, "Mwanangu, umekitazama kishikio?" Nikamwambia, "Ami, nimekitazama, nimekigonga kwa nyundo, kizima." Akacheka, akasema jicho peke yake halitoshi, nimpe chokaa na mafuta ya taa. Nilikuwa nimewahi kusikia kuwa mafundi wa reli walitafuta nyufa za ekseli kwa njia hiyo, nami nikataka niifanye kwa mkono wangu.

Tulisugua kishikio cha mbele cha springi ya nyuma kwa brashi ya waya hadi rangi na kutu vikatoka. Nikakipaka mafuta ya taa tele, nikayaacha yanywe, mimi nikaenda kuswali Alasiri. Niliporudi nikakipangusa kwa tambara kavu mpaka kidole kikipita hakitelezi tena. Kisha chokaa laini iliyochanganywa na spiriti, nikaipaka nyembamba. Spiriti ikaruka mara moja, kukabaki weupe mtupu. Nikamwambia kijana mmoja pale akae nyuma arukeruke. Haukupita muda, ukajitokeza mstari wa kijivu, mwembamba, umeanzia kwenye ukingo wa kiungo cha kiwandani ukapinda kuelekea chini ya chesi. Mafuta yaliyokuwa yamejificha ndani ya ufa yalikuwa yanafyonzwa na chokaa. Nilimwita kila aliyekuwapo pale aje aone. Yule kijana alisema ni uchawi. Mafuta ya taa kidogo na chokaa ya konzi moja, wakati shokomzoba zilishanila maelfu!

Kishikio, tofauti na springi, ni chuma cha kawaida, kinachomelewa vizuri ikiwa mtu anajua. Tulitoa waya za betri na alteneta kwanza, mpira wa breki tukaufunika gunia bichi. Mzee akatoboa tundu dogo kwa keekee mwisho wa ufa ili usiendelee mbele, tena akatoboa mbele kidogo ya pale jicho lilipoona mwisho, kwani ufa huwa mrefu kuliko unavyoonekana. Akachimba ufa wote kwa grainda ukawa kama mfereji, maana ukijaza juu tu, chini unabaki wazi. Rodi zake za kuchomelea zilikuwa za aina ya 7018, naye alizipasha juu ya jiko la makaa kwanza. Hewa yetu ya Malindi ina unyevu, na rodi hizi zikinywa unyevu huacha kiungo kinachopasuka chenyewe baadaye. Bati la kuimarisha alilikata pembe za mviringo, na hakuchomelea mstari mmoja kukatiza ubapa wa chini wa chesi, kwa kuwa hapo ndipo ufa mpya huzaliwa.

Kilipopoa tukarudia chokaa. Kweupe.

Yubolti nilinunua mpya, za zamani zikishavutika hazishiki tena. Pini za bushi nilizikaza gari likiwa limesimama kwa tairi zake, kwa sababu ukizikaza limening'inia, bushi za mpira husokoteka na kuraruka mapema. Nikapakia magunia ya mchanga, nikaenda Marafa na kurudi kimya. Baada ya kilomita 500 hivi nikazikaza yubolti upya, na kweli zilikuwa zimelegea robo ya mzunguko.

Upande wa kulia nao nimeupaka chokaa. Kishikio kizima, ila bushi za shekeli (kile kiungo kinachobembea mwisho wa springi) zimekwisha, nimeshaziagiza.