Tulivyofufua kompyuta za chuo hapa Amu tukiwa hatuna bajeti

Chuo chetu ni cha ufundi, cha kawaida tu hapa Lamu, vijana wanakuja kusomea umeme, ushonaji, useremala, upishi na kompyuta, karo yenyewe si kubwa na bado wengi wanalipa kidogo kidogo, na ruzuku ikichelewa basi hata karatasi za printa zinahesabiwa. Mimi ndio nimeachiwa mambo ya kompyuta. Nilizokuta nyingi ni mashine kuukuu za Windows 10, intaneti ya kubahatisha, na hesabu zote za karo kwenye kompyuta moja ya ofisi na kaunta buku moja.

Kila mtu alitaka tununue kompyuta mpya kwanza. Mimi nikasema hapana, tuanze na karo, manake pale ndio chuo kilikuwa kinavuja. Mwanafunzi analipa kwa paybill, ile namba ya kulipia kwa simu, akifika kwa akaunti namba anaandika jina la babake ama namba ya simu ama chochote, pesa inaingia lakini haijulikani ni ya nani, mama wa akaunti anashinda kutwa akilinganisha mesej moja moja na kitabu, alafu siku ya mtihani mtoto aliyelipa anazuiwa mlangoni analia. Wallahi hilo liliniuma kuliko mashine yoyote mbovu.

Nikaenda nikakaa na mama wa akaunti. Akaniambia, "Mwanangu, mimi hizi mashine zenu siziamini, stima ikipotea na hesabu yangu imepotea." Nikamjibu, "Mama, kitabu chako hakitupwi, tutaenda navyo vyote viwili mpaka wewe mwenyewe useme basi." Tukampa kila mwanafunzi namba fupi ya usajili, imeandikwa kwa kadi yake ya chuo, na anaambiwa siku ya kwanza kabisa kwamba hiyo ndio akaunti namba, si jina. Kila wiki nashusha taarifa ya malipo naimwaga kwenye Excel, kuna fomula ya kutafuta namba na kuvuta jina, ile isiyopata mwenyewe inakuwa nyekundu na mama anapiga simu kuuliza. Hakuna programu tuliyonunua. Pesa zilizokuwa zinaelea zikapata wenyewe, mkuu wa chuo akawa anaona nani anadaiwa ngapi bila kungoja mwisho wa muhula, wazazi nao wakaanza kulipa kwa wakati kwa sababu sasa wakiuliza salio wanajibiwa hapo hapo. Pesa ya kutengeneza kompyuta ilitoka hapo, hatukungoja mfadhili.

Sasa mashine. Microsoft waliacha kuihudumia Windows 10 tarehe 14 Oktoba 2025, na Windows 11 inataka chipu ya usalama iitwayo TPM 2.0 na prosesa, yaani ule ubongo wa kompyuta, ya miaka ya karibuni, zetu nyingi hazina. Kununua chumba kizima ni ndoto. Lakini ukiangalia vizuri, kompyuta ya zamani mara nyingi prosesa haina neno, kinachoifanya ijikokote ni ile diski ngumu ya kuzunguka (hard disk) inayoweka mafaili, na RAM ndogo, yaani kumbukumbu ya kufanyia kazi. Tukaagiza SSD, diski za kasi zisizozunguka, za GB 256, tukaongeza RAM ikafika GB 8, tukaweka Linux Mint, mfumo wa bure badala ya Windows, na LibreOffice, programu za bure za kuandikia na hesabu, na mashine iliyokuwa imewekwa kando itupwe ikawa inawaka upesi mpaka walimu wakadhani nimeibadilisha.

Na hapa kisiwani kuna adui ambaye watu wa bara hawamjui, hewa ya chumvi. Ukifungua kasha unakuta vumbi limeshikana kama unga uliorowa, na yale meno ya shaba ya RAM yamefifia yana madoa ya kijani. Unaitoa RAM taratibu, unasugua meno kwa raba ya penseli mpaka yang'ae, unapangusa na spiriti, unaacha ikauke sawasawa ndio unairudisha. Mashine kadhaa zilizoitwa zimekufa zilifufuka kwa raba tu! Vijana wa umeme niliwaita wafanye wenyewe, ikawa ni somo, na sahii ndio wanaosafisha kila kusi ikiisha.

Hatukuhamia Linux kote. Wanaochora ramani za nyumba wanahitaji programu ya AutoCAD, na AutoCAD haina toleo la Linux, kwa hivo mashine mpya chache tulizonazo tuliziachia wao, leseni ya wanafunzi Autodesk, wenye AutoCAD, hutoa bure. Hata ofisi ya mkuu nilibakisha Windows, sioni haja ya kugombana na mtu kwa jambo ambalo halileti hasara.

Intaneti ndio ilikuwa inanikosesha usingizi, manake bando la chuo likigawanywa kwa wanafunzi wote halifiki popote. Nikachukua laptopu iliyovunjika kioo, nikaifanya seva, yaani kompyuta ya kuwagawia wengine mafaili. Watu huuliza kwa nini laptopu, sababu ina betri yake ndani, stima ikikatika haizimi ghafla, na umeme inaokula ni mdogo sana. Ndani nikaweka Moodle, programu ya masomo, ya maelezo ya walimu na Kiwix, programu ya kusomea bila intaneti, yenye Wikipedia nzima ya Kiingereza, ile ya picha inakula kama GB 100, na ya Kiswahili pia. Ikaunganishwa na raoti ya kawaida. Mwanafunzi anakaa pale barazani na simu yake anasoma bila kutumia bando hata shilingi moja, na jioni utawakuta wamejaa.

Kilichobaki ni kulinda rekodi. Nakala za vitambulisho zilikuwa zinazunguka kwenye WhatsApp za watu, na sheria ya kulinda data ya 2019 hairuhusu mchezo huo, tukakubaliana zifutwe na zikae sehemu moja yenye paswadi. Hesabu za karo zina nakala tatu, moja ofisini, moja kwenye diski ya nje inayofungiwa kabati, moja mtandaoni. Paswadi zote ziko kwa bahasha iliyofungwa kwenye sefu ya mkuu, nikihama ama nikiugua kazi isisimame, na mama wa akaunti ndiye siku hizi anayeniuliza kila Alhamisi kama nakala ya wiki imeshaingia.