"Hela yangu iko wapi hapa?"

Swali hilo bado liko kichwani. Bosi wa Altezza, ile Toyota tunayoiandaa kwa mbio hapa gereji, yule aliyetaka gari lingurume mpaka Chumbageni wasikie, alikuja Jumanne jioni. Akalizunguka, akaegemea boneti, akasema kwa upole kabisa:

"Fundi, gari nimeliona. Sasa hela yangu iko wapi hapa?"

"Iko ndani, bosi."

"Ndani wapi?"

Simu yake ikaita, akaondoka. Basi, ndiyo hivyo tu. Hakugomba, na angegomba ningeshasahau. Mama karudi nyumbani salama, binti wa shangazi kaolewa Makorora na pilau likatosha, umeme umekatika na kurudi, na mimi muda wote huo namjibu mtu ambaye hayupo.

Ndani wapi? Anzia kikopo cha oili ya breki, bosi. Ukifungua boneti utakiona kilekile cha zamani, ila kilichomo kimebadilika. Iliyotoka ilikuwa nyeusi. Oili ya breki inavuta unyevu hewani, na hewa ya Tanga hakuna wa kuelezwa. Oili ya breki ya daraja la DOT 4 ikiwa mpya haichemki chini ya nyuzi 230. Ikishakunywa maji, kiwango kinachoruhusiwa kinashuka mpaka 155. Ukienda Muheza na kurudi hutajua lolote. Kwenye mzunguko wa mbio, ambako unakanyaga breki kwa nguvu kila kona, joto linapanda kutoka kwenye pedi hadi kwenye kalipa inayozibana, yale maji yanageuka mvuke, na mvuke unabanwa ilhali oili haibanwi. Pedali inazama mpaka sakafuni. Hapo nguvu farasi 210 za injini yako ya 3S-GE zinakupeleka ukutani upesi zaidi, hilo tu.

Tumetoa oili yote. Kutoa upepo kwenye mabomba ya breki tumeanza gurudumu la nyuma kushoto, maana kwa usukani wa kulia ndilo liko mbali zaidi na masta silinda, pampu inayosukuma oili ya breki, kisha nyuma kulia, mbele kushoto, tukamalizia mbele kulia. Imekwenda karibu lita nzima. Kilichobaki chupani Hemedi, msaidizi wangu, alitaka kukitunza, nikamwambia akimimine kwenye dumu la oili chafu. Chupa ikishafunguliwa, kwa upepo huu wa bahari, ni ya kutupa.

Halafu pedi. Za kawaida zinatosha gari la kwenda kazini, lakini zikipata moto mkali zinateleza: unakanyaga, pedali ni ngumu, gari haliko tayari kusimama. Hilo ni tatizo jingine kabisa na la oili kuchemka, ingawa watu wanayachanganya na kubadilisha kitu kisichohusika. Tulizofunga zinapenda moto. Zikiwa baridi zinashika kivivu, zinakula diski, na asubuhi zinapiga mlio mpaka jirani achungulie. Kelele ulizitaka, bosi, hizo hapo.

Kisha yale mabomba ya inchi 3 yanayotoka kwenye matundu ya taa za ukungu. Hayo anaweza kuyaona akipiga magoti, lakini nani atapiga magoti na kanzu? Mdomo wa bomba unaelekea katikati ya diski, penye habu. Diski ya mbele ina uwazi kati ya nyuso zake mbili, na ndani mna mapezi. Ikizunguka inavuta hewa kutoka katikati na kuitupa nje. Nimeshaona bomba limeelekezwa usoni mwa diski kwa sababu ndivyo linavyofungika kirahisi. Uso mmoja unapoa, wa pili unabaki moto, na diski inapinda au inachanika nyufa ndogondogo kuanzia kwenye matundu.

Thamostati, kile kidude kinachofungua njia ya maji kwenda rejeta injini ikipata moto, nimeirudisha. Aliyelishika gari kabla yangu aliitoa, kama kawaida ya pwani, eti lisichemshe. Thamostati nyingi za Toyota za namna hii zina kisahani cha pili upande wa ndani: ikifunguka, karibu nyuzi 82, kile kisahani kinaziba njia ya mkato. Ukiitoa, njia ya mkato inabaki wazi daima, na sehemu ya maji ya moto inarudi kwenye injini bila kuiona rejeta. Mjini hutagundua, tena utamsifu fundi kwamba geji iko chini. Kwenye mbio, resi juu ya 6,000 mzunguko baada ya mzunguko, ndipo linachemsha, na mtu anakwenda kununua rejeta kubwa. Na maji ya kisima yenye chumvi sitayazungumzia leo, nitaharibu jioni.

Sampu, lile bakuli la oili chini ya injini, ndiyo imekula siku nyingi. Kona ndefu ya kulia, oili yote inakimbilia kushoto, bomba la kunyonya linameza hewa, presha inaanguka, beringi za konrodi zinabaki kavu na injini inanoki. Kwa hiyo ndani ya sampu kuna vibati vya kuchomelea vyenye vimlango vya bawaba, vinavyofunguka kuelekea kwenye bomba tu. Chembe za kulehemu ni sumu, kwa hiyo sampu imeoshwa, ikapigwa brashi, ikaoshwa tena. Nafasi kati ya bomba na chini ya sampu tumeipima kwa udongo wa watoto wa kuchezea: bandika, funga, fungua, pima unene. Ikibana mno bomba linakosa oili, ikiachia mno linavuta hewa. Kazi yote hiyo iko chini ya injini, imefunikwa, na bosi anauliza iko wapi.

Kupunguza uzito sisemi sana. Kiti cha nyuma, tairi la akiba, zulia, na ile lami ya sakafuni ya kuzuia kelele, ambayo kwa joto letu haibanduki, inanata tu. Mikanda na mtungi wa kuzimia moto havitolewi hata mtu akiapa.

Kule Japani kuanzia mwaka 2000 kulikuwa na mbio za Toyota Vitz tupu, vile vigari vidogo, kwa miaka mingi, magari ya namba za barabarani, injini haziguswi, na watu walipishana vizuri tu. Nilitaka kumwambia hilo. Simu ikaita.

Ijumaa alfajiri tulikwenda kuzioanisha pedi na diski, upande wa Pongwe, barabara tupu. Unakanyaga breki kutoka kilomita 80 kwa saa mpaka 20 bila kusimama kabisa, mara nane hivi, kisha unaendesha taratibu zipoe, na handibreki usiiguse, ukiivuta pedi inaacha alama palepale. Tuliporudi Hemedi akatoa rimu. Diski imepata utando wa kijivu wenye ubuluu kidogo, sawasawa kutoka ukingo wa ndani mpaka wa nje, bila doa hata moja. Hemedi akapitisha kurunzi juu yake bila kusema kitu, na yeye ni mtoto wa kusema. Nimekula vitumbua vyangu siku hiyo na raha ambayo sikuwa nayo wiki nzima.

Tairi za mbele tumezilaza ndani kwa juu nyuzi 2 na nusu. Tutajua ukweli siku ya mbio, kwa kupima joto la tairi sehemu tatu mara tu gari likiingia: nje ikiwa moto kuliko ndani, tunalaza zaidi; katikati ikizidi, upepo ni mwingi. Bosi atakuwepo. Akitaka nitampa kipimajoto ashike mwenyewe.

Kinachonisumbua sasa ni ule mnazi wa nyuma. Umezidi kulalia bati la jirani, masika hayako mbali, na mkwezi anasema kuukata ni bei nyingine, kisha lazima jirani awepo. Jirani yuko Pemba, simu yake haipatikani.