Siku moja gereji: tunajenga nyumba juu ya Isuzu, Nyakato

Saa 12 asubuhi

Faiba, yaani nyuzi za kioo zinazoloweshwa resini, na jua havipatani. Resini ya poliesta unaitia kigandishi kidogo tu, asilimia moja hadi mbili ya uzito wake, na joto la mchana likishapanda ndoo nzima inakugandia mkononi hujamaliza hata kona ya kwanza. Kwa hiyo siku za faiba hapa Nyakato tunaanza mapema, muda ambao dagaa wa usiku bado wanashushwa kule soko la samaki la Mwaloni.

Kijana wangu wa faiba keshafika na keshavaa barakoa yake. Sisi wawili tumekulia kwenye maboksi ya samaki. Kama huishi Mwanza: minofu ya sangara ikitoka kiwandani inapakiwa kwenye malori yenye sanduku jeupe nyuma, na sanduku hilo ni tabaka tatu, faiba nje, povu katikati, faiba ndani. Nyumba ya safari juu ya lori ni sanduku lilelile, ila unakata madirisha na kuingiza kitanda na jiko. Ukishaweza kumfikisha sangara mbali bila kuharibika, kumlaza binadamu vizuri porini umeshajua nusu yake.

Nusu ya pili ndiyo ngumu, nayo iko chini ya sakafu. Nitaifikia.

Leo tunafunga kipande cha paa. Povu letu ni la poliyurethani la milimita 50. Watu huniuliza kwa nini tusitumie lile jeupe la vifungashio vya televisheni, si ni rahisi? Ni rahisi, ila resini ya poliesta inalila. Nilimwonyesha dogo wa grenda kwa kipande kidogo na matone machache: likazama, likawa uji. Hajauliza tena.

Ukijumlisha faiba ya milimita mbili kila upande pamoja na povu lake, mita moja ya mraba ya ukuta wetu ina kilo kumi hivi. Bati la chuma la milimita mbili, peke yake, bila povu wala fremu, lina karibu kilo 16, na mchana unaokwa humo ndani. Bado wapo wateja wanaoamini kwamba kitu imara lazima kiwe cha chuma.

Saa 2 na nusu

Supu na chapati kwa mama ntilie wa ng'ambo ya barabara. Mzee wa springi wa gereji jirani ananipa "mwangaluka" yake, salamu ya asubuhi ya Kisukuma, namrudishia, anauliza lile lori lenye kitanda litamalizika lini. Kila mtu mtaani anaijua hii kazi.

Saa 3 asubuhi: kupinda

Hii ndiyo sehemu niliyotaka kuandika tangu mwanzo, kwa hiyo nivumilie.

Chesisi ya lori haikutengenezwa iwe ngumu kama reli. Ni mihimili miwili mirefu iliyounganishwa na vipande vya kukatiza, na imekusudiwa ijipinde. Gurudumu la mbele kulia likipanda jiwe na la nyuma kushoto likipanda jingine, springi zinafanya kazi yake, kisha chesisi nayo inajisokota kidogo ili magurudumu yote manne yabaki chini. Tipa na lori la mbao havisumbuki na jambo hilo. Lakini sanduku letu la faiba limegundishwa kona zote, halina pa kujisokotea. Ukilifunga kwa bolti moja kwa moja kwenye chesisi, kitu kimoja lazima kishindwe: ama kona za sanduku zinapasuka, ama milango inagoma kufunguka, ama bolti zinakatika. Kwenye lami ya kwenda Shinyanga huenda usione kitu. Subiri barabara ya vumbi yenye makorongo.

Dawa yake ni fremu ya pili kati ya chesisi na sanduku. Fremu hii inashikwa sehemu nne zilizokaa kama umbo la uru la karata, yaani almasi: mbili zimekazwa kulia na kushoto katikati, moja iko mbele kwenye mstari wa kati, na moja nyuma kwenye mstari huohuo. Ile ya mbele na ya nyuma ni pini nene zilizolazwa kufuata urefu wa gari, zenye bushi na nipo, yaani kitundu cha kutilia grisi. Chesisi inapojisokota, inazunguka kwenye pini, na fremu ya juu inabaki imenyooka.

Hakuna kuchomelea kwenye chesisi. Sirudii mara mbili kwa vijana wangu: moto unadhoofisha chuma pale pale palipochomwa, na ufa huanzia pembeni mwa mchomeleo. Matundu ya bolti tunatoboa kwenye ubavu wa katikati wa mhimili, kamwe si kwenye mikunjo ya juu na chini, maana mikunjo ndiyo inayobeba mzigo. Na hata ukichomelea fremu ya juu gari likiwa chini yake, toa nyaya za betri kwanza, la sivyo utaua altaneta na kompyuta ya gari.

Leo tunajaribu kabla sanduku halijapanda. Tumejenga ngazi mbili za magogo ya reli ya zamani. Dereva anaipandisha Isuzu taratibu, gurudumu la mbele kulia juu ya ngazi moja, la nyuma kushoto juu ya nyingine. Chesisi inalia kidogo. Dogo anakimbia na futi kamba: mbele, nafasi kati ya chesisi na fremu imefunguka sentimita tano upande mmoja na kufumba kiasi hichohicho upande wa pili. Hivyo ndivyo tulivyotaka.

Ila hiyo peke yake haitoshi. Nimefunga kamba mbili za uvuvi kutoka kona hadi kona ya fremu ya juu, zikikatana katikati. Kona zote nne zikiwa bapa, kamba zinagusana pale zinapokutana. Fremu ikijipinda upande mmoja zinaachana, ikijipinda upande wa pili zinabanana. Nainama, naangalia: zinagusana, na hata karatasi ya leso haipiti. Mzee wa springi, ambaye alikuja "kusalimia" na hajaondoka, anatikisa kichwa kwa kukubali. Kwangu mimi hicho ni cheti.

Tunarudia kwa magurudumu ya upande wa pili. Matokeo yaleyale. Bolti zote zinakazwa upya kwa spana ya kipimo na kupigwa mstari wa rangi ili nati ikizunguka njiani mwenye gari aione kwa macho.

Saa 5

Mteja amekuja. Ni mama mstaafu, mhandisi wa maji, na anajua hesabu kunishinda.

"Shikamoo mama."

"Marahaba fundi. Limepinda?"

"Chesisi imepinda. Nyumba haitapinda."

Anacheka, anaomba aonyeshwe kamba. Safari anayoipanga inaanzia hapa, inavuka ziwa kwa daraja la Kigongo–Busisi badala ya ile foleni ya kivuko ya miaka yote, inapita Geita, Kigoma, Katavi, Sumbawanga hadi Tunduma, kisha Zambia, daraja la Kazungula, Botswana na Namibia. Ndiyo maana nasisitiza povu nene hata kama hapa Mwanza, zaidi ya mita 1,100 juu ya usawa wa bahari, usiku hauna baridi ya kutisha. Sumbawanga mwezi wa sita ni habari nyingine, na jangwa la Namibia usiku wa majira hayohayo hulala likiganda.

Leo ana maombi mawili. La kwanza, mlango wa kupita kutoka chumbani hadi kwenye kabini ya dereva. Namweleza: kabini ya gari hili inainuliwa mbele ili kufikia injini, na inacheza kwenye springi zake yenyewe, mbali na nyumba. Mlango unawezekana, ila katikati lazima uwepo mvukuto wa mpira unaokunjika kama kinanda cha akordioni, tena wa kufunguliwa haraka kila injini inapohitaji fundi. Ni sehemu moja zaidi ya kuvuja. Anafikiri, anasema, "Acha. Nitashuka nizunguke kama watu wengine."

La pili ni rangi. Anataka bluu ya ziwa, iliyokolea. Hapo namkatalia kabisa, naye ananishangaa. Katavi ina mbung'o, na mbung'o hufuata bluu na nyeusi. Mitego yao yenyewe hushonwa kwa vitambaa vya rangi hizo. Gari la bluu iliyokolea kule ni mwaliko. Tumekubaliana krimu, na mstari mwembamba wa kijani.

Tangi la maji hatukubishana. Lita 300 ni kilo 300, kwa hiyo liko chini ya sakafu, kati ya ekseli mbili, na yeye mwenyewe ndiye aliyechora vizuizi vya ndani ili maji yasikimbie mbele gari linapofunga breki. Niliongeza tu tundu la kuoshea.

Uzito ndio ugomvi wangu na wateja wengi. Mmoja aliwahi kuniletea kipande cha marumaru kwa ajili ya meza ya jikoni. Mama huyu hana shida hiyo. Ana daftari la kilo, na kila kitu kinachoingia, hadi bawaba, kinaandikwa.

Saa 7 mchana

Ugali, sato wa kukaanga, mchicha. Umeme umekatika, grenda zimenyamaza, redio ya betri inasikika vizuri kwa mara ya kwanza leo.

Saa 8

Kukatika umeme hakutusumbui kwa kazi ya gundi. Tunaunganisha ukuta wa kulia na sakafu. Gundi ni ile ya poliyurethani ya kwenye mirija, inayobaki na unyumbufu kama mpira ikikauka, na hukaushwa na unyevu wa hewa, milimita tatu hivi kwa siku. Hewa ya ziwa inasaidia. Kinachoharibu ni uvivu wa maandalizi: kusugua kwa msasa, kufuta mafuta, kupaka dawa ya kwanza, kusubiri. Halafu ukuta hauminywi mpaka gundi yote itoke. Tunaweka vipande vya mpira vya milimita tatu ili ubaki unene wa kunyumbuka. Gundi nyembamba kama karatasi itashika leo na kuachia Kigoma.

Watu sita, ukuta mmoja, kelele nyingi, "kwako, kwako, rudisha." Umekaa.

Saa 10

Fundi umeme kaja na mchoro wake. Lori lina volti 24, basi na nyumba tumeipa volti 24: betri mbili za lithiamu za volti 12, amperesaa 200 kila moja, zimeungwa mfululizo, kiasi cha kilowatisaa tano. Kibadilisha umeme cha wati 2,000 kwenye volti 12 kingevuta zaidi ya ampea 160, na waya wake ungekuwa mnene kama kidole gumba. Kwenye 24 ni nusu yake. Juani, paneli mbili za wati 400 zitarudisha kinachotumiwa na friji, taa na pampu, na kubakisha. Fyuzi kuu naitaka karibu na betri, si mwisho wa waya. Kabati la mtungi wa gesi lina tundu sakafuni, kwa sababu gesi ya kupikia ni nzito kuliko hewa na ikivuja hutulia chini.

Dogo anauliza kama kazi hii ingewezekana kwenye Kanta ya mjomba wake. Inawezekana, namwambia, fremu na pini ni zilezile, ila apime uzito kabla hajaota kitanda cha futi sita.

Saa 12 jioni

Umeme umerudi tunapofunga. Tunaosha brashi kwa asitoni, tunafagia vumbi la faiba likiwa limelowa ili lisiruke. Ubaoni nimeandika: kesho ukuta wa kushoto, mchomeleaji aandae fremu ya ngazi ya kupandia, na mkono wa mtu usiguse ukuta wa kulia mpaka Jumatatu.