Jinsi nilivyoukuza utumbo wa binadamu ndani ya sahani ya maabara

Ukuta wa ndani wa utumbo mwembamba hautulii. Seli zake huzaliwa, hufanya kazi, hufa na kuondoka pamoja na uchafu, na ndani ya siku 4 au 5 karibu zote zinakuwa zimepokewa na nyingine mpya. Zinakozaliwa ni ndani ya vishimo vidogo sana vilivyozama katikati ya vinyama vinavyofyonza chakula. Chini kabisa ya kila kishimo kuna seli shina chache ambazo hazichoki kugawanyika. Mzee wa miaka 80 bado anazo, na bado zinachapa kazi.

Naanza na hili kwa sababu ndilo lililonisaidia kuliko mbinu yoyote niliyofundishwa. Watu wakisikia habari za viungo vidogo vinavyooteshwa maabara, vinavyoitwa oganoidi, hudhani kuna mtaalamu ameketi anaunganisha seli moja baada ya nyingine. Hakuna anayeunganisha. Seli shina ya utumbo inajua kutengeneza utumbo. Kazi yako ni kuipa mahali panapofanana na ilipotoka, basi. Kila nilipokwama, swali lililonikwamua lilikuwa lilelile: huko ndani ya mwili, mahali hapa pakoje?

Kabla ya kwenda Uholanzi kusomea shahada ya uzamivu nilikuwa mtaalamu wa maabara katika hospitali ya wilaya, Tanzania. Sehemu kubwa ya kazi yangu ilikuwa kupima choo cha watoto wanaoharisha. Kuna kimelea kinaitwa Kriptosporidiamu. Ukikipaka rangi kwa njia inayokaribiana na ile ya kutafuta vijidudu vya TB, mayai yake hutokeza kama vitone vyekundu vya mviringo, vipana mikromita 4 hadi 6 tu (mikromita ni sehemu ya elfu ya milimita). Utafiti mkubwa uliotolewa mwaka 2013, uliofanyika katika nchi saba za Afrika na Asia Kusini, Kenya na Msumbiji zikiwemo, ulikiweka kati ya visababishi vinne vikuu vya kuharisha vibaya kwa watoto wadogo. Dawa pekee iliyoidhinishwa Marekani ni nitazoksanaidi, nayo huwasaidia kidogo sana watoto wenye utapiamlo na wagonjwa wa UKIMWI ambao kinga yao imeshuka. Yaani inashindwa hasa kwa wale wanaoihitaji zaidi. Nilikuwa naandika majibu kwenye fomu, daktari anasoma, halafu sote tunajua kwamba kilichobaki ni maji ya chumvichumvi na kuomba mtoto awe na nguvu ya kupambana.

Moja ya sababu za kukosa dawa ni kwamba kimelea hiki kilikuwa hakikubali kufugwa. Watafiti walizoea kukipandikiza kwenye seli za saratani ya utumbo mpana. Huko kinakua siku 3 hivi, halafu kinasimama kabla ya kukamilisha uzazi wake. Huwezi kuijaribu dawa vizuri kwa kiumbe usichoweza kukiweka hai. Ndipo nikaanza kufuatilia oganoidi.

Chimbuko lake ni mji wa Utrecht, Uholanzi. Mwaka 2007 kundi la mwanasayansi Hans Clevers lilitambua alama inayozitofautisha seli shina za utumbo, iitwayo Lgr5. Mwaka 2009, Toshiro Sato, daktari Mjapani aliyekuwa akifanya kazi humo, akaonyesha kwamba seli moja tu yenye alama hiyo, ikitoka kwa panya, inaweza kuotesha kipande kidogo cha utumbo chenye vishimo vyake. Mwaka 2011 ikawezekana kwa binadamu.

Seli nilizotumia zilitoka kwa wagonjwa waliopimwa kwa endoskopi, yaani mrija wenye kamera unaoingizwa tumboni, na kutia saini kwamba kipande kidogo cha nyama kitumike kwa utafiti. Kipande chenyewe ni kama punje ya mchele. Unakiosha kwa maji ya chumvi yaliyopoa mpaka yabaki meupe, unakiloweka kwenye dawa inayolegeza vishimo, kisha unatikisa. Vishimo vinaachia, vinaelea, unaviona kwenye hadubini kama vidole vifupi vya glavu.

Hatua inayofuata ndiyo iliyonifunza subira. Ndani ya mwili, seli za utumbo zimekalia utando laini wa protini. Maabara tunautengeneza kwa jeli iitwayo Matrigel, inayotokana na uvimbe wa panya na yenye protini za lamini na kolajeni ndani yake. Ikiwa kwenye barafu ni majimaji, ikifika nyuzi 37 inaganda. Kwa hiyo pipeti, kile kifyonzeo cha kupimia matone, inapozwa, mrija unapozwa, na sahani yenyewe, kinyume chake, inakuwa imepashwa joto tangu usiku. Mkenya mmoja wa Kisumu, aliyenitangulia kwenye maabara ile, alikuwa akisimama nyuma yangu.

“Dada, polepole. Ukiingiza povu, hilo tone limekwisha.”

“Sasa kaka, nikienda polepole si inagandia humu ndani ya pipeti?”

“Usichelewe, lakini usikimbie. Chukua, dondosha, inua mkono.”

Tone la mikrolita 50 katikati ya kila kisima, yaani kila kitundu cha sahani, linasimama lenyewe kama nusu ya shanga. Halafu unaigeuza sahani juu chini na kuiingiza kwenye inkubeta, kabati linalotunza joto la mwili. Ukiiacha wima, seli zinazama na kugusa plastiki, na seli ya utumbo ikigusa plastiki inajitandaza na kusahau umbo lake. Sahani ikiwa imepinduliwa, jeli inaganda seli zikiwa zinaning'inia katikati, zimezungukwa pande zote. Dakika 15 au 20 zinatosha. Baada ya hapo unaigeuza na kuongeza maji ya lishe.

Maji hayo ya lishe ndiyo yanayobeba maagizo. Ndani ya mwili, seli shina zinazungumza na majirani wawili. Wa kwanza ni seli za Paneth, ambazo hukaa nazo bega kwa bega chini ya kishimo, na wa pili ni tishu iliyo chini ya utando. Tunapoitoa seli shina peke yake, tunalazimika kuyaleta maneno ya majirani hao ndani ya chupa. Protini ya Wnt na mwenzake R-spondini huiambia iendelee kuwa seli shina, EGF huiambia igawanyike, na Nogini huziba ishara ya BMP, ambayo mwilini ndiyo inayoziambia seli zilizopanda juu kwamba muda wa kugawanyika umekwisha. Kwa siku 2 za mwanzo unaongeza pia dawa iitwayo Y-27632, kwa sababu seli ya utumbo ikitenganishwa na wenzake hujiua. Hilo nalo ni la mwilini kabisa: seli iliyong'oka kutoka mahali pake haipaswi kuendelea kuishi.

Zikakua. Mipira midogo, mitupu ndani, inayong'aa kwenye hadubini, inanenepa siku hadi siku. Kila wiki hivi unaivunjavunja na kuigawa kwenye matone mapya. Mtu akikwambia alifurahi kuona mipira hiyo kwa mara ya kwanza, muamini. Nilimwita kila aliyepita koridoni.

Lakini kwa kimelea mipira hiyo haikufaa. Wnt ilikuwa imeizunguka kila upande, kwa hiyo karibu seli zote zilibaki za ujana. Ute ulikuwa haba, na seli pevu za kufyonza chakula, ambamo Kriptosporidiamu hujificha, zilikuwa chache mno. Rudi basi kwenye swali letu. Mwilini Wnt iko nyingi chini ya kishimo na inapungua kadiri seli inavyopanda, wakati BMP inafanya kinyume. Ukomavu unakuja seli inapotoka kwenye sauti ya Wnt. Kwa hiyo nikaiondoa Wnt kwenye maji ya lishe, pamoja na dawa nyingine mbili zinazodumisha ujana. Ndani ya siku chache mipira iliacha kupanuka. Kuta zikawa nene na nyeusi, zikaanza kukunjamana, na nilipopaka rangi ya ute nikaziona seli za ute zimejaa.

Halafu, kiasi cha wiki moja baadaye, zikaanza kufa. Hapo wengi huhangaika kutafuta dawa ya kuzirefushia maisha. Mimi naona ni sawa kabisa zife. Seli pevu ya utumbo haiishi zaidi ya hapo hata tumboni mwako. Nilichofanya ni kuweka sahani mbili wakati wote, moja ya kulea ujana na nyingine ya kukomaza, ya kwanza ikiilisha ya pili.

Lilibaki tatizo la mlango. Oganoidi ya utumbo imejifunga, na upande unaopokea chakula uko ndani ya mpira. Kimelea kinaingia mwilini kwa kumezwa, kwa hiyo ukikimwaga nje ya mpira umekiweka upande wa damu. Mwaka 2018 watafiti wa Utrecht na wenzao wa Marekani walikiingiza katikati kwa sindano nyembamba ya kioo, na kikakamilisha mzunguko wake wa uzazi. Ni kazi nzuri sana, ila mpira mmoja mmoja kwa sindano hautakufikisha kwenye kupima mamia ya dawa. Nikachagua kuufungua mpira na kuutandaza. Seli zinatenganishwa na kumwagwa juu ya kichujio chembamba kinachoning'inia ndani ya kisima. Chini yake ni upande wa damu, na maji ya lishe nikayaweka huko. Juu yake ni upande wa chakula. Kila siku nilipima upinzani wa umeme kati ya juu na chini, maana seli zikishikana vizuri umeme hupita kwa shida. Namba ilipopanda na kusimama, nilijua ukuta hauvuji.

Kisha nikayaondoa kabisa maji ya juu. Wazo hili lilitoka kwa kundi la St. Louis, Marekani, ambalo mwaka 2019 lilitumia seli za utumbo wa panya zilizoachwa wazi kwenye hewa, na kimelea kikaendelea kuzaana humo. Seli zilizokuwa bapa zilisimama zikawa ndefu. Nilipozisuuza, maji hayakutoka kwa matone tena. Yalining'inia kwenye ncha ya pipeti, yanavutika. Ule ulikuwa ute wenyewe, ute wa binadamu, na hakuna aliyeniongezea humo.

Nyongo nayo ina sehemu yake. Mayai ya Kriptosporidiamu hufunguka yakikutana na joto la nyuzi 37 na chumvi za nyongo, kama yanavyokutana nazo tumboni. Virusi vya noro, vinavyoleta kutapika na kuharisha, vilivyosumbua maabara kwa miongo mingi, vilikubali kukua Houston, Marekani, mwaka 2016 kwenye seli kama hizi, na baadhi ya aina zake zilihitaji nyongo ndani ya maji ya lishe. Nikayafungua mayai kwa chumvi hiyo, nikayaweka juu ya ukuta wangu, na kile kizingiti cha siku 3 kikapita. Kimelea kilizaana, na mayai mapya yakatoka upande uleule ambako mtoto angeyatoa.

Wapo wanaokwenda mbali zaidi. Mwaka 2012 kundi la Donald Ingber, Harvard, lilitengeneza utumbo juu ya chipu ya plastiki laini, maji yakipita juu ya seli kwa kasi ya mikrolita 30 kwa saa, na utando ukivutwa kwa asilimia 10 takriban mara 9 kwa dakika, kuiga utumbo unavyojikamua. Ninaiheshimu kazi hiyo. Hata hivyo, kwa anayeanza, na hasa anayeanzia kwetu, ningemshauri aanze na kichujio na kisima. Vinahitaji friza ya nyuzi 20 chini ya sifuri, inkubeta yenye asilimia 5 ya hewa ya ukaa, nitrojeni baridi ya kimiminika ya kuhifadhi seli, na umeme usiokatika. Gharama kubwa iko kwenye jeli na protini za maagizo. Protini kama Wnt na R-spondini si lazima zinunuliwe, kwa sababu kuna seli zilizobadilishwa jeni ambazo huzitema zenyewe kwenye maji yao, ukayachuja na kuyatumia.

Jambo ninalolishughulikia sasa ni asili ya seli. Karibu zote nilizokuza zimetoka kwa watu wazima wa Ulaya walioshiba vizuri. Utumbo wa mtu aliyekulia kwenye maji machafu na njaa ya mara kwa mara mara nyingi una vinyama vilivyobapa, na ukuta wake huvuja. Dawa itakayofanya kazi kwenye ukuta mzima huenda isifanye kazi kwenye ule. Nimeandika ombi la kibali cha maadili Tanzania, tuanze na watu wazima wanaopimwa kwa endoskopi kwa sababu zao wenyewe, wapewe maelezo kwa Kiswahili, wakubali au wakatae bila huduma yao kuguswa. Kamati imerudisha maswali kuhusu nani atamiliki seli hizo baada ya miaka kumi, na zitahifadhiwa wapi. Ni maswali ya haki. Nimejibu kwamba zibaki nchini, ndani ya tangi la nchini, na anayezitaka aje azikute huko.