Siku Yangu Karakanani: Vichwa vya Simba vya Inami

Saa 2 asubuhi, barabara ya Yokamachi mjini Inami, katika mkoa wa Toyama nchini Japani, huwa tayari imejaa milio ya patasi na nyundo za mti. Ufundi wa mji huu ulikua karne ya 18, hekalu la Zuisenji lilipojengwa upya baada ya kuungua na mchongaji kutoka Kyoto akawafundisha maseremala wa hapa. Kazi yangu ni kuchonga shishigashira, vichwa vya simba vinavyochezwa katika ngoma ya shishimai.

Mpaka saa 5 nakomba ndani ya kichwa. Mti wa kiri ni mwepesi, lakini mchezaji atakiinua na kukitikisa kwa muda mrefu, kwa hiyo kila unene usio na kazi lazima uondoke. Watazamaji husifu macho na dhahabu; mimi naamini kwamba uhai wa simba uko kwenye taya. Taya la chini huchongwa peke yake, kisha huunganishwa ili lifunguke na kujifunga kwa mlio mkavu, na mlio huo ndio unaoaminiwa kufukuza mabaya. Hata vichwa vya karne ya 8 vilivyohifadhiwa katika hazina ya Shosoin mjini Nara vina mataya yanayocheza.

Saa 6 ni zamu ya urushi, utomvu wa mti unaopakwa tabaka juu ya tabaka. Hauanikwi juani: hukaukia kabatini, penye joto la wastani na unyevu mwingi. Karatasi nyembamba za dhahabu, zitokazo Kanazawa, hubandikwa mwishoni.

Alasiri nakarabati kichwa cha zamani cha kijiji jirani. Nabadilisha singa za farasi na kuziba ufa, lakini uso siugusi, kwa kuwa ndio uso ambao wazee wa kijiji wanaujua tangu utotoni.

Saa 2 usiku nakipeleka kwenye mazoezi, ambako vijana kadhaa wanaingia chini ya kitambaa kirefu kuwa mwili wa simba, filimbi na ngoma zikiwaongoza. Siku ya sikukuu simba huyu atapita nyumba kwa nyumba, na wazazi watawasogeza watoto wang'atwe kichwani ili wakue na afya na akili. Kwa hiyo, kabla ya kukikabidhi, napitisha kidole kwenye kila jino, na palipo na ncha napapiga msasa.